Mama Mkwe na Minyoo ya Bafu Letu

Jumatatu, 10 Februari 2025

Mama mkwe kafika! Katoka kijijini Kasekese na tenga la kuku, kiroba cha karanga na macho ya mtu aliyekuja kukagua. Mke wangu, Nyanzala, yuko karibu kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake kaja kumsaidia. Nimempokea kwa heshima zote. Nimeinama. Nimemwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Kaitikia. Mwanzo mzuri.

Halafu kaenda kuoga.

Katoka mkavu. Eti bafu lina minyoo. Midogo, myeusi, inapanda ukutani kutoka kwenye tundu la kutolea maji. Kasema binti yake hazalii kwenye nyumba yenye minyoo. Hali ikiwa hivi mpaka Jumamosi, anamchukua wanarudi Kasekese.

Kasekese! Hospitali iko huku Mpanda mjini. Na mimi ni kinyozi, saluni yangu iko hapa Nsemulwa. Mwanangu azaliwe, mimi nimeshika kichwa cha mtu mwingine?

Nikajibu haraka kwamba hiyo ni minyoo ya heri, hupenda nyumba zenye baraka. Mama mkwe kanitazama. Nyanzala katazama dari. Yeye ni mwalimu wa baiolojia sekondari, ningeweza kumuuliza. Lakini mwanaume unamuulizaje mkeo habari za minyoo mbele ya mkwe? Nitalimaliza mwenyewe.

Jumanne, 11 Februari

Nimenasa mmoja kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, nikampeleka kwa Method. Method ana duka la pembejeo linalotazamana na saluni yangu. Simpendi. Anaimba besi kwenye kwaya ya Nyanzala, na kila Jumapili nyumbani naambiwa besi ya Method imetulia.

Akavaa miwani. Akamgeuza mdudu kwa kijiti. Akasema huyu ni mtoto wa nyoka, subiri akue. Mimi sikuamini, ila kopo nililisogeza mbali. Akaniuzia dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Akasema kama inamuua kupe wa Katavi, mnyoo wa bafuni ni nani?

Nimemwaga chupa nzima bafuni wakati wao wamepumzika. Harufu! Kuku wamehama uwanja. Mama mkwe akatoka kajiziba pua kwa khanga.

"Mkwe," akasema, "ng'ombe ninao nyumbani na josho nalijua. Sikuja Mpanda kuogeshwa."

Nyanzala hakupaza sauti. Bora angepaza. Kasema hiyo ni sumu na mjamzito hatakiwi hata kuivuta. Akamshika mama yake mkono, wakaenda kukaa kwa jirani mpaka harufu iishe. Mimi nikaachiwa sabuni, ndoo na dirisha wazi. Nimesugua mpaka kiuno kimegoma. Mwishoni minyoo miwili ikachungulia tunduni. Mizima kabisa!

Jumatano, 12 Februari

Leo Nyanzala kaingia bafuni mwenyewe. Na tumbo lile! Akaketi kwenye kigoda, akawasha tochi ya simu, akamweka mnyoo mmoja juu ya kifuniko cheupe cha ndoo. Mimi nilisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

Kasema usianze kwa kuuliza anaitwaje. Anza kwa kuangalia ana nini. Miguu? Hana. Pingili? Anazo. Kichwa? Kipo, kidogo, cheusi. Basi huyo si mnyoo wa tumboni wala nyungunyungu. Ni lava, mtoto wa mdudu. Akanionyesha ukutani vile vijinzi vyenye manyoya, ambavyo nimekuwa nikivipiga kwa kandambili mwaka mzima. Ndio wazazi. Wanataga kwenye utelezi ulio ndani ya tundu la maji, na watoto wanakula humo humo.

Lava anapumulia mkiani! Mkia anauinua juu ya utelezi apate hewa, kichwa kinabaki chini kinakula. Nyanzala alimwinamia karibu kabisa.

"Mtazame," akasema. "Hana mguu, anaishi kwenye uchafu wetu, na kazi yake anaifanya bila kulalamika."

Nilimtazama yeye. Jasho puani, kalamu kwenye nywele, mtoto wangu tumboni, na bado ana nafasi ya kumheshimu mdudu wa bafuni. Nilitaka kumwambia neno zuri. Nikakohoa.

Tiba yake ni brashi ya mpini mrefu, sabuni na maji ya moto, kila siku, utelezi wote utoke. Halafu sakafu ikaushwe. Basi. Mama mkwe alikuwa anasikiliza kutoka sebuleni. Kasema mwanangu kasoma kweli.

Mimi nikasugua tena. Hakuna aliyesema mkwe kasugua.

Ijumaa, 14 Februari

Bafu linang'aa. Lava hata mmoja sijamwona leo. Mama mkwe kasema ataona, lakini begi lake bado limefungwa. Sifa zote kapewa Nyanzala. Ni haki yake. Lakini na mimi je? Mkwe akiamini nyumba hii ina mwanaume anayeweza kulinda bafu, hatamchukua mtu.

Nina mpango. Mzuri mno! Kesho asubuhi namweka nyungunyungu bafuni. Mama mkwe anamwona, anapiga kelele. Mimi natokea. Nasema kwa utulivu: mayu, usihofu, huyu ni nyungunyungu, hana madhara. Namshika kwa mkono mtupu, namtoa nje. Nani atasema Kasekese tena?

Nimepindua gogo nyuma ya nyumba, ardhi imelowa kwa mvua. Nikampata papo hapo. Unene wa kalamu, mweusi, anang'aa kama kiatu cha padri. Pingili sikuziona. Nadhani ni kwa sababu ya unono. Nimemtia koponi na udongo kidogo.

Jumamosi, 15 Februari

Usiku umeingia, lakini lazima niandike.

Asubuhi nilimmwaga bafuni, nikajibanza nyuma ya banda la kuku. Mama mkwe akaingia na ndoo yake. Nikasubiri kelele. Kimya. Nikasubiri tena. Akatoka na nguo zake zote, akaniita kwa sauti ya kawaida tu kwamba mkwe njoo, kuna mgeni.

Nikaingia kwa mwendo wa kitaalamu. Nikachutama. Nikasema maneno yangu yote. Nikamshika.

Nyungunyungu akatoa ulimi.

Kilichofuata sikumbuki vizuri. Nilijikuta juu ya simtanki. Majirani wanasema nilipiga yowe ambalo soprano wote wa kwaya hawalifikii. Method alilisikia dukani kwake, akaja mbio na jembe, lakini Nyanzala akamzuia mlangoni. Kasema hakuna kuua. Akaomba kipande cha kadibodi na bakuli.

Kasema yule ni nyoka mdogo anayeishi chini ya udongo, karibu kipofu, anakula mchwa na mayai ya siafu. Kinywa chake ni kidogo, kidole hakiingii. Tuangalie mwili: hauna pingili, una magamba laini yanayong'aa. Halafu akageuka kwenye simtanki, akasema kwamba hata hivyo nisimshike kiumbe nisiyemjua. Mama mkwe akamfunika nyoka kwa bakuli, Nyanzala akapitisha kadibodi chini, wakambeba taratibu mpaka kwenye kichuguu ng'ambo ya uzio. Mama na binti, hatua kwa hatua, kama wanapeleka sadaka. Niliwatazama kutoka juu kule. Sijawahi kuona watu wazuri kama wale.

Waliporudi, Nyanzala akauliza nyoka wa ardhini kapandaje kizingiti cha bafu. Na lile kopo dirishani, lenye udongo? Nikajifanya nakagua kifuniko cha simtanki. Mama mkwe akaanza kucheka. Nyanzala akacheka. Hata Method! Nyanzala akajishika ukutani, akacheka mpaka machozi, halafu akaacha ghafla.

"Hilari, shuka," akasema. "Mtoto anakuja."

Nilishuka. Tuseme nilianguka kwa makusudi. Bajaji ikaja, tukabanana watatu kiti cha nyuma, mimi na mkwe bega kwa bega, heshima tumeiacha Nsemulwa.

Jioni kazaliwa. Msichana! Ana kucha tayari. Analia kama anatoa maelekezo. Nyanzala kachoka, midomo imekauka, kanitazama, kauliza kama bafu nimelikausha. Nikalia mbele ya manesi.

Jumapili, 23 Februari

Mama mkwe kafungua begi. Anakaa nasi mpaka mvua ziishe. Mtoto anaitwa Minza, jina la bibi yake huyo huyo. Saluni wateja wanajua nilimkamata nyoka kwa mkono. Method anawasimulia vingine, na wanamwamini yeye, eti kwa kuwa alikuwepo. Mimi nilikuwa wapi?

Leo mchana, mgeni mpya bafuni. Mrefu, bapa, rangi ya kutu, miguu pembeni kama kitana. Mama mkwe akataka kumwamsha Nyanzala. Nikakataa. Mwacheni mzazi alale! Mimi nimefundishwa. Miguu? Anayo, mingi. Pingili? Anazo. Magamba? Hana, basi si nyoka. Ulimi hakutoa. Kwa hiyo ni jongoo. Anakimbia kwa sababu bado kijana. Mama mkwe akasema mkwe, subiri kwanza. Nikamwambia mayu, tazama.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umo kwenye beseni la maji ya moto, umevimba kama andazi. Nyanzala aliamka, akatazama mara moja tu, akasema huyo ni tandu, ana sumu. Mama mkwe kasogeza kigoda. Kanishikia beseni.

Nimefikiri sana na kosa langu nimeliona. Nilimshika katikati. Anayefuata nitamshika mkiani.