Mercedes ambayo Askari Basiitamani

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa saba 2001
Butembo. Mungu ananipenda! Papa Mathe ameleta Mercedes yake kwa garage yangu, hapana kwa Kambere, fundi wa ng'ambo ya barabara. Imetoka Dubai, viti viko bado na nailoni. Anataka ipite mashimo ya Masereka, kwenye ananunua viazi. Anataka kiti kibaki laini. Tena anataka askari basiitamani. Siku hizi bakiona gari nzuri banasema ni ya vita, na wewe unarudi kwa miguu. Nikifaulu, tutaongea juu ya Joyeuse, binti yake. Joyeuse wangu!

Alhamisi, tarehe 5
Nimeiinua kwa resorts, springi za lori. Iko juu mno! Mama Godelive, mke wa Papa Mathe, anapandia kiti cha jikoni. Donc, kiti kitasafiri nasi. Kisha nimeipiga nyundo pande zote, nikaipaka kijani iliyobaki ya mlango wa choo. Nililia kidogo. Kambere alikuja kuuliza nani alikufa ndani. Wivu tu!

Jumamosi, tarehe 7
Safari ya Beni, ndoa ya mpwa wao, mimi dereva. Barrière ya kwanza barabarani, askari balitucheka. Ya pili, mumoja alitupa pole. Papa Mathe akaniita mwanangu. MWANANGU!

Barrière ya Mulekera, Kamanda Léon akasema tushuke wote. Batu ba lori la mbele balikuwa bekundu kwa vumbi mpaka kope. Papa Mathe: shati nyeupe pepepe. Mama Godelive na Joyeuse: vitenge safi, hata jasho hakuna. Kamanda akafungua mlango, baridi ya climatiseur ikamupiga usoni. Akauliza polepole vumbi yetu tumeiacha wapi. Ole wangu! Nilifikiri yote, mais vumbi hapana!

Gari ilibaki kwake. Tulifika ndoani na pikipiki, Mama Godelive na kiti chake cha jikoni kwenye magoti. Papa Mathe haniiti tena kitu.

Jumatatu, tarehe 9
Muujiza! Kamanda amerudisha gari. Eti alipita nayo sokoni, batoto bakamufuata bakipiga kelele, askari bake bakageuka ili bacheke. Eti mukubwa hawezi kuonekana ndani ya kitu kama hiki. Papa Mathe alicheka mpaka machozi. Akasema niirudishe Butembo, nisiiguse tena, na Jumapili nilete bajomba tuongee juu ya mbuzi za mahari. Joyeuse alinishika mukono. Nikiigusa, alisema, ataolewa na Kambere. Nampenda huyu binti!

Jumatano, tarehe 11
Gari iko garage, salama. Sijaigusa. Mais nimefikiri. Shida ilikuwa moja tu, vumbi! Nitoboe matundu machache chini ya viti, na kila mutu atafika mwekundu kama Mukristo mwingine yeyote. Papa Mathe ataona Jumapili, mbele ya bajomba. Surprise!

Nimeazima mashine ya kutoboa kwa Kambere. Aliuliza ni ya nini, nikamweleza yote. Hakubishana hata kidogo, alinichagulia hata chuma cha tundu kubwa kuliko vyote. Kumbe ni mutu mwema! Nilimufikiria vibaya.