Mrudishieni Mama Mkwe Kikohozi Chake

Safu ya mafundi cherehani,
Sokoni, Kasulu

Kwa Mganga Mfawidhi,

Shikamoo daktari. Najua nimekuzidi umri, lakini cheo nacho kina mvi zake.

Mimi ni Crispin Nsengimana, fundi cherehani. Mwezi uliopita mlimpasua mama mkwe wangu, Mama Esteri wa Titye, mkamtoa rovu shingoni. Rovu limekwenda, sauti imebaki, tunashukuru sana. Ila mlimwamsha bila kukohoa, na hilo limenifanya niweke mkasi chini nishike kalamu.

1. Jirani yetu Mzee Nkunzimana, aliyewahi kupasuliwa ngiri, alituhakikishia kwamba mtu akizinduka kwenye nusu kaputi lazima akohoe. Yeye alikohoa hadi ndugu zake nje wakapiga vigelegele. Basi nasi tukakaa mlangoni, vigelegele tayari, tunasubiri kikohozi. Saa nzima, kimya! Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuwa wa shemeji yangu Ildefonsi kuanguka sakafuni. Mke wangu Veronica alinishika mkono, hakuuachia. Jamani, hakuna aliyetoka kutuambia lolote.

2. Ildefonsi alipozinduka (naye bila kukohoa) alipiga simu Kibondo. Ndugu wakaja na turubai, masufuria na gunia la maharage, wakamkuta marehemu anakunywa uji, anauliza msiba ni wa nani. Maharage yaliliwa kwangu siku tatu.

3. Daktari Saady, mtaalamu wenu wa usingizi, alinieleza kwa upole kwamba kikohozi kikali hukaza shingo na damu ikavuja ndani ya kidonda. Ndiyo maana alimpa mama dawa kidogo ya kutuliza koo, akamtoa mpira wa kupumulia taratibu. Namheshimu. Lakini suruali ninazoshona huchezewa ngoma harusini, watu wanachuchumaa na kuinuka, na hakuna mshono uliofumuka. Sembuse kikohozi?

4. Hili ndilo kubwa. Kwetu mama mkwe hukohoa akikaribia ua, ili mkwe apishe. Mama Esteri alikuwa akisikika tangu kwa jirani. Mlipomwambia asikohoe ovyo mpaka apone, akazoea moja kwa moja. Jumapili alinikuta na taulo, najipaka mafuta miguuni. Nilikimbilia banda la mbuzi, nikakaa humo hadi alipomaliza chai. Alikunywa vikombe vitatu.

Kwa hiyo naomba kila mgonjwa akohoe angalau mara moja, kwa sauti ya kufika nje. Ikishindikana, mwajirini mtu wa kukohoa kwa niaba yao. Mzee Nkunzimana yuko tayari na ana uzoefu.

Wasalimieni manesi wote, wapishi, na mlinzi aliyemmwagia Ildefonsi maji.

Ni mimi mkwe niliyeaibika, lakini sijapoteza adabu,
Crispin Nsengimana

Nyongeza: Leo nimepimwa. Kumbe kile kivimbe changu cha shingoni nacho ni rovu, na nimepangiwa Jumatano. Tafadhali Daktari Saady asionyeshwe barua hii. Naomba dawa ileile aliyompa mama, nisikohoe hata chembe. Ila Veronica atakuwa pale mlangoni. Nikiamka kimya, mtu atoke upesi amwambie kwamba ninapumua. Atawaambia hana wasiwasi. Msimwamini.