Wagonjwa Wangu Hawafi

Jumatatu, 4 Machi
Mafunzo ya mtandaoni ya wakusanya takwimu za saratani yameanza. Asiyefaulu, mkataba wake haurefushwi! Mkufunzi, kichwa tu kwenye skrini, ametupa kazi ya vitendo: kila mtu awapigie simu wagonjwa wa rejesta yake, ajaze hali zao. Hai, amefariki, au hajulikani alipo. Jirani yangu wa meza, Bi Hakika, akanyanyua simu papo hapo. Kiherehere. Mimi nimewajaza wote hai. Shangazi aliyenilea naye yumo. Sijampigia tangu aanze matibabu. Naogopa sauti ya mgonjwa. Lakini angekufa ningeambiwa.

Jumatano, 6 Machi
Aibu! Mkufunzi ameisoma kazi yangu mbele ya darasa zima, akauliza wagonjwa wangu wanakunywa dawa gani hata hawafi. Bi Hakika akacheka bila kuzima kipaza sauti. Nimeagizwa nirudie: ukijaza hai, taja siku uliyozungumza naye. Nikajaribu namba ya kwanza. Akapokea mwanamume, akasema mkewe amezikwa mwezi uliopita, kisha akanishukuru kwa kuuliza. Kunishukuru mimi! Nikakata.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni nywele. Aliyejazwa amefariki haulizwi siku ya maongezi, na tarehe ya kifo unaruhusiwa kuiacha wazi! Nikapanga orodha kwa umri, nikawafisha wote waliovuka miaka sabini. Majina sikuyasoma, kusoma majina kunaumiza. Alama zangu: themanini na nane. Bi Hakika: themanini na tano. Nimepita mezani kwake mara kadhaa nikipiga mluzi.

Jumatatu, 11 Machi
Kumbe kliniki nayo inasoma rejesta yetu. Ningejuaje? (Bi Hakika anasema ilielezwa somo la kwanza.) Leo Shangazi amekuja kwa miadi yake, akaambiwa nafasi kapewa mwingine, maana yeye ni marehemu. Akaletwa kwetu asahihishwe. Alisimama mlangoni, gauni linampwaya, akauliza marehemu anaruhusiwa kuketi au anazikwa wima. Ofisi nzima ikacheka. Mimi sikuweza. Mikono iliyonifulia nguo za shule imebaki mifupa. Akauliza nani kamwandika hivyo. Nikasema ni kompyuta. Akanitazama kama zamani, sukari ilipopungua kabatini. Bi Hakika ndiye aliyempa kiti, ndiye aliyempigania miadi mipya. Nimejuta. Nimejuta kweli. Nimemwahidi Shangazi kumpigia kila wiki.

Jumatatu, 18 Machi
Siku ya mwisho ya kuwasilisha. Nimepata njia ya kuwafikia wote bila kusikia sauti ya mtu! Ujumbe mmoja kwa wote: "Ndugu mgonjwa, jibu 1 kama u hai, 2 kama umefariki." Majibu yakamiminika. 1. 1. 1. Mkufunzi kaniita mbunifu, Bi Hakika kanuna. Shangazi kajibu 2.

Nimeitazama ile 2 mpaka chai ikapoa. Wiki nzima sikumpigia. Anakaa nyuma ya soko, mlango wa bluu, nimekulia humo. Kwa miguu unafika hata jasho halijakutoka. Lakini nikifika nitasema nini? Na mfumo unafungwa saa kumi. Nimemjaza: hajulikani alipo.