Babu Aliyekosea Mahali Pamoja

Sharubati aliingia katika ukumbi wa maonyesho ya kazi za mikono kwa nia moja tu, kukwepa jua, na akatoka humo na babu.

Hakuna aliyewahi kumwona babu huyo, kwa kuwa alizaliwa dakika ile ile akiwa tayari na umri wa miaka tisini na mitatu. Sharubati alikuwa amesimama kando ya meza ya mfinyanzi, akijipepea kwa karatasi ya matangazo, alipomwona mama mmoja nadhifu akiinua kikombe kilichopinda mdomo kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Badala ya kudai apunguziwe bei, mama yule alikipapasa pale kilipopinda, akasema kwa heshima kubwa, "Unaona hapa? Mashine haiwezi kukosea hivi." Akalipa bei ambayo ingetosha vikombe kumi na viwili vilivyonyooka, pamoja na visahani vyake.

Sharubati aliacha kujipepea. Kumbe mjini humu kulikuwa na watu walionunua makosa! Na yeye, ambaye maisha yake yote yalikuwa ghala la makosa, hakuwa amewahi kuuza hata moja.

Haja ilikuwepo. Kwa miaka miwili alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake, na shemeji yake, mtu wa maneno machache, alikuwa ameyatumia karibu yote kwa mara moja. "Shemeji, tarehe mosi nitakaa kwenye kochi langu. Nitakaa tu, hata kama wewe uko juu yake."

Siku ya pili Sharubati aliingia katika duka dogo la vyombo vya jikoni. Mwenye duka, mwanamke wa makamo, mpole, aliyevaa aproni, alikuwa na katoni za miko ya mbao, yote laini, yote ikifanana kama watoto wa tumbo moja.

"Hii inatoka wapi, dada?"

"Kiwandani, kaka. Inakuja kwa meli."

"Kiwanda hodari. Hakuna hata mmoja uliouzidi mwingine."

"Ahsante," alisema yule mwanamke, akiinamisha macho. Si kawaida ya mtu kushukuru kwa niaba ya kiwanda, lakini Sharubati alikuwa tayari anahesabu katoni.

Barazani kwa dada yake, aliketi na tupa, akakwangua kila mwiko shingoni, upande wa kushoto, kisha akaupaka maji ya majani ya chai ili uonekane umeona mengi. Jumamosi alikuwa na meza ukumbini.

"Babu yangu," aliwaambia wateja, akishusha sauti kana kwamba mzee amelala chumba cha pili, "ana kisu kimoja na jicho moja. Hana umeme. Hana haraka."

Miko ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Aliporudi dukani, mwenye duka alimpokea akiwa amefunga bendeji kwenye kidole gumba. "Meli imechelewa, kaka. Mashine moja imepata hitilafu. Na bei imepanda."

Sharubati, ambaye riziki yake yote ilitegemea kuona yasiyoonwa na wengine, alikitazama kidole kile, akayatazama maranda ya mbao yaliyonasa kwenye kitambaa cha kichwa cha mwanamke yule, na hakuona kitu.

"Pole sana, dada. Mwambie mwenye kiwanda aitie mafuta hiyo mashine."

"Nimeshaitia."

Jumamosi iliyofuata, mnunuzi wa hoteli kubwa, mama mrefu mwenye miwani, alisimama mbele ya meza yake. Aliupokea mwiko mmoja, akaupokea wa pili, akaupokea wa tatu.

"Babu yako hukosea mahali pamoja tu?"

Watu wanyonge wangebabaika. "Hiyo ndiyo saini yake, Bibi," alisema Sharubati. "Hajui kuandika."

Mama mrefu alicheka mpaka miwani ikashuka. Akamweleza kwamba Jumamosi ijayo, siku ya kufunga maonyesho, angemchagua mtu mmoja wa kulijazia duka la hoteli kwa mwaka mzima. "Lakini mwambie mzee abadilishe saini. Inachosha."

Mwaka mzima! Huo ulikuwa chumba chake mwenyewe, na ndani yake kochi lisilo na shemeji. Sharubati alimwaga alichokuwa nacho chote kwa mwenye duka, akabeba miko sitini. Juma zima alikwangua. Mwiko huu alama ya kisu kwenye mpini, ule kijibonde kwenye kichwa chake, kosa jipya kwa kila mmoja. Mtu huyu, aliyeitoroka kazi tangu ujana wake, aliamka alfajiri, akaota malengelenge, akala amesimama, na bado akaendelea kuamini kwamba anadanganya watu.

Siku ya kufunga maonyesho ilifika. Sharubati alipomaliza kupanga meza aliinua macho, na mkabala naye, nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, alikuwa ameketi mwenye duka. Mbele yake ilipangwa miko laini, na juu yake kibao: KAZI YA MKONO.

Hasira iliyompanda Sharubati ilikuwa ya haki tupu. Uongo wa namna ile, mchana kweupe, mbele ya mafundi waaminifu! Mama mrefu alipoinama tu kwenye meza ile, alivuka njia kwa hatua tatu.

"Bibi, usitapeliwe! Hii ni ya kiwandani. Imekuja kwa meli. Mimi naijua mpaka katoni yake!"

Mama mrefu aligeuka taratibu.

"Katoni yake," alisema, "wewe umeijuaje?"

Sharubati alirudi nyuma hatua moja kuelekea meza yake.

Mwenye duka alitoa kigogo kutoka chini ya meza, akachukua kisu, na kile kidole gumba chenye kovu jipya kikatangulia njia. Maranda ya mbao yalimwangukia mapajani. Muda si mrefu akaulaza mwiko mpya kati ya ile mingine, na hakuna aliyeweza kuutambua tena.

"Sasa kwa nini ulisema ni ya kiwandani?" aliuliza mama mrefu.

"Nilipowaambia wenye maduka nimeichonga mimi, waliniomba niwapunguzie. Nilipowaambia imekuja kwa meli, waliniuliza meli nyingine inafika lini." Akaelekeza kisu kwenye meza ya Sharubati. "Na ile pale pia ni yangu. Nilipita hapa Jumamosi iliyopita nikaiona imejeruhiwa. Nilidhani panya."

Kicheko kilizunguka ukumbi mara mbili. Mwaka mzima ulikwenda kwa mwenye duka. Tarehe mosi shemeji alikaa, kama alivyoahidi.

Sharubati alitokea dukani asubuhi ile ile, na katoni ya majeruhi kichwani. "Dada, nirudishie fedha zangu. Chukua miko yako."

"Ponya kwanza ulichokiumiza," alisema yule mwanamke, akamtupia msasa. "Mwiko ukilingana na yangu, nitaupokea. Usipolingana, rudia."

Mwiko wa kwanza aliurudia mara tisa. Siku ya nne, mwanamke alipitisha kidole gumba chake juu ya mmoja, akauweka kwenye kaunta pamoja na yake.

Akaingia mteja. Aliuchukua mwiko ule ule. "Wa kiwandani huu?"

"La, mama," alisema Sharubati, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Ni wa mkono. Tazama, mikono hii."

Mteja aliutazama mwiko, akamtazama yeye kuanzia viatu. "Mkono hauwezi kunyoosha kitu hivi. Mwongo mkubwa wewe." Akatoka.

Jina hilo Sharubati alikuwa ameitwa mara nyingi, na kila mara alilipokea kwa adabu, kwa kuwa lilikuwa lake. Leo halikuwa lake. Alisimama ameishika kaunta, macho yakimwasha.

"Mkimbilie, kaka!" aliita mwanamke kutoka nyuma ya pazia. "Mwambie mwiko umekuja kwa meli!"

"Siwezi," alisema Sharubati kwa uchungu. "Nimeunyoosha mimi."