Kijani ni Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Kimekamilika! Kifaa changu cha kupima sukari kwenye damu. Tone moja kwenye kijiti, dawa iliyopakwa pale inaichokonoa sukari mpaka itoe umeme kiduchu, mita inausoma. Sukari nyingi, umeme mwingi. Hata mtoto wa chekechea angeelewa. Shemeji, kaka yake mke wangu, anafanya kazi maabara ya kliniki na anajiona profesa. Amesema lazima kwanza nikilinganishe na vipimo vyao. Wivu tu. Kinachotakiwa ni damu ya mtu mmoja mwenye afya, taa ya kijani iwekwe kwenye kiwango chake. Nikatazama chumba kizima kumtafuta mtu huyo. Nilikuwa peke yangu. Basi nimejichoma kidole. Kijani ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Kiu! Nimemaliza jagi zima la maji kabla ya chai. Kazi ya ubongo hukausha koo. Nimempima mke wangu: taa ya njano, sukari imeshuka. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini: njano. Dobi: njano. Wanangu wote: njano! Maskini, jengo zima linakwisha na hakuna aliyejua. Nimewanywesha maji ya sukari mmoja mmoja. Fundi cherehani amekataa kikombe cha pili, na amesema nisikanyage tena kwake. Asante ya punda ni mateke.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe yuko kwetu. Ana kisukari miaka mingi, anameza vidonge asubuhi na jioni, na amenidharau tangu nilipomposa binti yake. Nikampima mbele ya shemeji. Kijani! Sawasawa na mimi! Nikamtangazia kwamba amepona, kama kweli aliwahi kuugua. Shemeji akaguna, akasema asiache dawa. Nani amsikilize? Mama mkwe ameniita mwanangu kwa mara ya kwanza, kisha vidonge akavitupa kwenye pipa la taka. Tumekula keki, mimi na yeye, wenye afya wawili wa nyumba hii. Mke wangu hakucheka. Amesema suruali zinanidondoka na usiku naenda chooni kama mlinzi wa zamu. Nimemwambia mkanda umechakaa.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Mama mkwe ameanguka jikoni, sufuria mkononi. Ulimi mkavu, maneno hayaeleweki. Tukampakia kwenye gari. Mke wangu alilia njia nzima bila kunitazama. Kliniki wakakuta sukari iko juu mno, wakamtundikia dripu. Jioni amefumbua macho, namshukuru Mungu. Ndipo muuguzi akauliza huyu bwana anayemaliza maji ya wagonjwa ni nani. Akanipima. Nimemzidi mama mkwe!

Shemeji aliitazama ile namba, akasema: "Shemeji, hukutengeneza kipimo cha afya. Umetengeneza mashine ya kutafuta wagonjwa wenzako. Halafu ukamfanya mama yangu atupe dawa."

Nilikuwa nakunywa maji.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe amerudi nyumbani. Tunakula mboga za kuchemsha, meza moja. Amenifahamisha kwamba mimi si mwanawe tena, ni mgonjwa mwenzake tu. Mke wangu ananisimamia mpaka nimeze vidonge, kisha ananiamuru nifungue mdomo aone. Kifaa amekiweka juu ya kabati.

Jumatano, 12 Machi
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: sukari! Kitu kigeugeu, hakifai kwa mvumbuzi makini. Figo, hizo ndizo. Kifaa kimeshashuka kabatini, nabadilisha dawa ya kijiti tu. Shemeji amenisihi safari hii nichukue damu za watu wengi waliothibitishwa kliniki kuwa wazima. Huyo hajifunzi. Nani ana figo bora kuliko zangu, zilizofanya kazi usiku kucha mwezi mzima bila kupumzika? Kidole nimeshakichoma. Mama mkwe amejifungia chumbani na vidonge vyake.