Jina la Tatu Kwenye Ruta

Jumatatu, 7 Julai 2025

Ukungu umefunika mashamba ya chai tangu asubuhi. Ombati, ninayeishi naye hapa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, amenifunga tena kwenye gemu ya mpira. Si haki! Gemu inaendeshwa na kompyuta za mbali. Laptopu yangu nyepesi inaletewa picha tu kwa intaneti, na picha inafika imechoka. Mchezaji wangu anaganda mguu hewani. Nimemwambia Ombati turudiane Jumamosi. Atakayeshindwa atahamia ile nyumba tupu ya mwisho, karibu na msitu. Amekubali haraka mno. Ana njama.

Jumanne, 8 Julai

Tecla wa kompyuta pale ofisini ameniambia nitumie waya kutoka kwenye ruta, kile kisanduku kinachotugawia intaneti, nishushe ubora wa picha, nizime ile hali ya kuokoa betri. Mambo ya watoto! Laptopu inachemka, kwa hivyo nimeipoza juu ya sufuria ya maji. Imeteleza. Sasa herufi M haifanyi kazi.

Kisha nimeingia kwenye ruta nione nani anamaliza intaneti. Majina matatu. Calvince, ndiye mimi. Ombati. Johana.

Ombati ameapa hamjui Johana. Mwongo! Ni simu yake ya pili.

Jumatano, 9 Julai

Nimebadilisha neno la siri kimyakimya. Ombati ametupwa nje, amelalamika mpaka chai yake ikapoa. Johana bado yumo.

Nimemuuliza Tecla. Akasema Johana alikuwa karani, aliishi nyumba ya mwisho na akafia humo. "Lakini Calvince, intaneti ililetwa hapa akiwa ameshazikwa."

Nimecheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemfungia Johana intaneti kwenye ruta. Papo hapo, kimya. Ndege, kimya. Hata mashine za kiwanda, kimya, na moshi unatoka! Nimemfungulia. Mashine zikanguruma tena.

Hitilafu ya ruta.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetoka kazini nikaenda nyumba ya mwisho. Kufuli kubwa. Nyaya za stima zimekatwa. Nimefungua laptopu barazani: mtandao umejaa! Picha laini kabisa. Mchezaji wangu alikimbia kabla sijabonyeza, akafunga bao, akageuka kuniangalia. Wenzake wote wakageuka. Ndani ya nyumba, kiti kikasogea.

Mwingine angekimbia. Mimi nimepata uwanja wa nyumbani!

Jumamosi, 12 Julai

Ombati, niliyempa neno jipya la siri, alicheza kule nyumbani, mimi kwenye baraza ya Johana. Baridi kali, nikaficha mikono kwapani. Mabao yakaingia tu.

Ombati alikuja mbio kunitukana, akakwama getini. Akaniuliza, "Huyo mzee aliyekushika bega ni nani?"

Nilihisi bega zito kweli. Sikugeuka. Nikamwambia aache visingizio, alete godoro lake ahamie. Amefunga begi, amerudi kwao Chepilat.

Ushindi!

Jumapili, 13 Julai

Tecla amenifuata barazani kwa Johana baada ya kanisa, akanisihi nifunge laptopu twende. Hataki kukanyaga ngazi. Lakini ujumbe umeingia kwenye skrini: Johana anataka mechi. Atakayeshindwa atabaki. Nimeandika kuuliza abaki wapi. Hajajibu. Nyuma yangu kufuli limefunguka.

Tecla analia. Nimemwambia atulie.

Nimebonyeza kukubali. Kwani ni nani aliyemfunga Ombati?