Mtu wa Ghalani, Toleo la Ihururu

Jumatatu, 8 Julai 1996

Siku mbaya! Deki ya video imemeza kaseti ya Mtu wa Ghalani. Nimeuvuta utepe kwa kidole, kwa uma, kwa sindano ya mama ya kufumia. Umetoka vipande vipande. Na hiyo ndiyo sinema iliyojenga jina langu hapa Ihururu! Vijana wa Tetu nzima wameiona katika chumba changu cha video, na wengine walilala na taa wiki nzima. Jitu limevaa gunia kichwani, lina kisu kirefu, linatoka ghalani kuchinja wanafunzi waliokuja shambani likizo. Halisemi neno. Hakuna ajuaye limetoka wapi. Ndiyo utamu wake.

Kabla sijamaliza kuomboleza, akaingia Mama Njoki. Mama Njoki ndiye mwenye chumba, na mwenye duka lililo mbele yake. Amesema Theuri pia anakitaka. Theuri! Yule wa video ya Wamagana, anayevaa miwani ya jua katika ukungu wa Julai. Ati ameleta kutoka Nairobi Mtu wa Ghalani mpya, imetengenezwa upya na Wazungu wengine, rangi zote, muuaji mwenye misuli. Mama Njoki ameamua hivi: Jumamosi alasiri nionyeshe yangu, Jumapili baada ya kanisa Theuri aonyeshe yake. Atakayekalisha watu mpaka mwisho, chumba ni chake. Mwingine afungashe.

Nimemwambia sinema ikirudiwa ni kama majani ya chai ya jana kuchemshwa leo. Akasema yeye huyachemsha na wateja hunywa.

Nikikosa chumba hiki mimi ni nani? Mkamaji wa ng'ombe wa mama. Basi.

Jumanne, 9 Julai

Nimeamka na akili! Kama Wazungu wanaweza kuitengeneza upya, mimi nimekatwa mikono? Nitatengeneza yangu. Hapa hapa. Ghala la mahindi la mjomba lipo, ukungu upo, magunia ndiyo usiseme. Na yangu haitakuwa chai ya jana. Itakuwa tofauti. Bado naitafuta hiyo tofauti yenyewe.

Nimekwenda kwa Ben. Ben hupiga video za harusi na ana kamera ya kubeba begani. Nilimweleza hadithi yote. Akauliza bibi harusi anaingia wakati gani. Nikamwambia hakuna bibi harusi, kuna maiti. Akauliza kama hao maiti wana kamati. Mwishowe amekubali, ila jina lake litangulie langu. Nimekubali. Nitalifuta baadaye.

Muuaji ni binamu yangu Mathenge. Mrefu, mabega yanajaza mlango, maneno hana. Msichana wa kuuawa ni Ngendo, sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu. Nani atapiga mayowe kumshinda? Nikamvika Mathenge gunia nililotoboa macho, nikampa panga, nikamvalisha gambuti, zile buti za mpira. Nikarudi nyuma nimtazame. Mwili ulinisisimka! Ng'ombe wa mama hakuinua hata kichwa, lakini ng'ombe anajua nini kuhusu sanaa.

Jumatano, 10 Julai

Sijui nianzie wapi. Ukungu ulikuwa safi kabisa. Ben tayari. Mathenge akatokea polepole kati ya michai, gunia kichwani, panga inameremeta. Wachuma chai walikuwa wengi na sikuwaambia kitu, kwa makusudi. Nilitaka mayowe ya kweli.

Wamemsalimu! Kwa jina! Ati Mathenge, umeamkaje, ng'ombe ameshazaa? Mmoja alimjua kwa mwendo, mwingine kwa kiraka cha gambuti ya kushoto. Kumbe kuna jambo dogo sikulifikiria. Julai huku kila mtu hujifunika gunia kichwani kwa sababu ya manyunyu. Na kila mtu ana panga mkononi, anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Jitu langu la kutisha lilikuwa mwanamume wa Tetu aliyechelewa shambani.

Halafu Cucu Wakonyo, ambaye ni nyanya wa kila mtu hapa, hata asiyetaka, akamshika mkono. Alimwambia kwa kuwa panga anayo, amkatie na yeye. Mathenge ana adabu. Akaenda! Tulimpata mchana amekata mzigo mzima na gunia bado kichwani. Ben alikuwa amepiga yote. Alisema mwangaza ulikuwa mzuri.

Kisha Ngendo. Nikamwambia akimbie, aanguke, apige mayowe. Akauliza aanguke kwa nini, na hiyo njia ameipita tangu utoto. Na kwa nini akimbilie ghalani, na nyumba ya mjomba iko pale imejaa watu wanakunywa chai? Nikamweleza kwamba katika sinema hizi msichana hukimbilia pabaya, ndiyo sheria. Akasema huyo msichana hakulelewa. Panga ilipoinuliwa hakupiga yowe hata moja. Alinyoosha mkono akakemea: ashindwe! Mathenge, ambaye aliokoka mwaka jana, akapiga magoti. Wakaanza kuomba pamoja. Nilipaza sauti kwamba muuaji hapigi magoti! Wakaniashiria ninyamaze mpaka amina.

Alhamisi, 11 Julai

Leo damu. Sinema ya kuchinjana bila damu ni ibada, na ibada tumeshapiga jana.

Mwenye bucha alikataa. Damu ya mbuzi ni ya kujazia matumbo ya mutura, na wateja wa mutura hawana mzaha. Nikamwambia ni ya sanaa. Akaniuliza hiyo sanaa huchomwa au huchemshwa. Mwishowe nikaapa nitamweka kwenye sinema, amesimama mbele ya bucha, jina likisomeka vizuri. Akanipa jagi.

Nikaiacha jikoni nikaenda kumwita Ngendo. Niliporudi, mama alikuwa ameshaiona, ameikatia kitunguu, ameijaza kwenye matumbo na iko motoni. Waigizaji waliisifu sana. Ben aliomba nyongeza. Mimi pia nilikula, lakini kwa uchungu.

Tukatumia rangi nyekundu ya kupolishia sakafu. Ngendo akalala chini, amekufa, anang'aa kama sebule ya mwalimu mkuu. Nzi walikuwa wanateleza. Si kitu, taa zikizimwa itaonekana damu. Lakini mama yake alipoona rangi kwenye sare ya kwaya, alipiga yowe lililosikika mpaka sokoni. Ngai! Kumbe ndiye aliyefaa. Nimechagua mtu mbaya katika nyumba nzuri.

Ijumaa, 12 Julai

Kumpeleleza adui si dhambi. Nilikwenda Wamagana, Theuri alikokuwa akijaribu kaseti yake kwenye hoteli ya dada yake Murugi. Nikajificha nyuma ya magunia ya viazi. Theuri akaniona mara moja, akanivutia kiti, akaniagizia chai na mandazi. Ana dharau mtu huyu! Nilikunywa kwa hasira. Nikaongezwa, nikanywa tena.

Sinema yenyewe ni safi, sikatai. Kelele nyingi. Wanaouawa wote warembo, meno meupe pe. Lakini! Muuaji ana utoto! Sehemu yote ya katikati ni utoto wake. Baba alikuwa mkali, mama alihama, wenzake shuleni walimcheka. Halafu anavua gunia, na ndani ni kijana mzuri tu, anatokwa na machozi. Sasa ukishajua mtu alinyimwa maziwa, utamwogopaje? Hili ndilo kosa la wanaorudia sinema. Ile ya zamani iliacha mlango umefungwa na wewe ukatetemeka mpaka kwenu. Hawa wanaufungua, wanawasha taa, wanakuonyesha ni stoo ya viazi.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Wangu hana utoto hata kidogo. Wangu hajulikani alikotoka!

Jumamosi, 13 Julai

Nimeshinda na nimeshindwa. Nitaeleza kwa utaratibu, nikiweza.

Chumba kilijaa! Benchi, kreti za soda, madirisha, kote watu. Wachuma chai walikuja wote kwa sababu wote wamo. Mwenye bucha alikuja na tai. Mama Njoki alichungulia, akasema atarudi mwisho aone waliobaki.

Nikazima taa. Likatokea jina la Ben, kubwa, ndani ya duara la maua ya waridi. Kumbe alikwenda Nyeri mjini kwa rafiki yake mwenye mashine ya kuunganisha picha, na mashine hiyo inajua harusi tu. Mathenge akatokea ukunguni. Kicheko! Wakamwita kwa jina. Wakauliza ile panga si ya mjomba? Mathenge akakata majani ya Cucu Wakonyo, yote, mpaka mzigo ukafungwa, na watu wakamshangilia kila alipoinua mkono. Mama mmoja aliona nyuma ya muuaji kwamba ua wa jirani umesogea shambani kwake. Akataka picha irudishwe ashuhudie. Tukairudisha. Cucu akataka kujiona tena. Tukairudisha tena. Muuaji alipopiga magoti, safu ya mbele nayo ikainamisha vichwa. Na panga ilipomshukia Ngendo, mioyo midogo myekundu ikapanda kwenye kioo na kwaya ikaanza kumkaribisha bibi harusi.

Watu walilia kwa kucheka. Theuri mwenyewe, pale mlangoni, alivua miwani apanguse macho.

Hapo nikapandwa na hasira. Baridi yote ile! Jitu langu! Nikawasha taa, nikapanda juu ya kreti, nikawaambia hii ni sinema ya kutisha, waache kucheka, waogope! Wakacheka zaidi. Nikasema asiyeogopa atoke!

Wakatazamana. Watu wa kwetu ni wakweli mno. Wakasimama mmoja mmoja, wakaniambia pole Kingori, wakatoka. Hata mama yangu. Cucu Wakonyo alinipa mkono kabisa, akasema hajaona kitu kizuri hivi tangu uhuru.

Mama Njoki akarudi kuangalia nani amekaa mpaka mwisho. Nilikuwa mimi, na Ben aliyekuwa akikunja waya.

Jumapili, 14 Julai

Theuri ameonyesha yake. Mimi nilisimama nje, kwa heshima yangu, sikio likiwa ukutani. Mwanzo walikaa kimya. Wakaogopa! Wengine walishtuka kwa sauti. Niliumia sana moyoni. Kisha yule muuaji akavua gunia akaanza kumlilia mama yake. Nikamsikia Cucu Wakonyo akisema maskini, mtoto wa watu. Akasimama, akamwombea. Chumba kizima kikaitikia amina, wakasema neema, wakatoka wakijua imekwisha. Muuaji alibaki akilia mbele ya benchi tupu. Nilicheza! Nyuma ya duka, peke yangu, nilicheza mpaka kiatu kikatoka.

Jioni Mama Njoki akaja nyumbani. Amesema hakuna aliyekalisha watu, lakini tangu jana wateja wanamsumbua dukani, wanataka ile ya Mathenge. Ati ile ya zamani ilitisha kwa sababu hakuna aliyemjua yule mtu. Mathenge anajulikana mpaka gambuti, sasa atamtisha nani? Wacha watu wacheke, kicheko pia hukalia benchi. Nionyeshe tena Jumamosi, nisimkemee mtu, na chumba kitabaki changu. Hilo tu.

Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikafikiri kwa makini. Nikamjibu Mama Njoki, kwa heshima zote, kwamba mimi si mchekeshaji.

Mama ameondoka mezani na sahani yangu ya githeri.

Jumatatu, 15 Julai

Chumba amepewa Theuri. Ben amempa nakala ya sinema yangu, na mioyo yake yote. Nimepita pale leo alasiri. Foleni imefika kwa fundi wa viatu! Mathenge yuko mlangoni na gunia lake, anasalimia watu kama mbunge. Theuri aliniita nikae mbele, mahali pa wageni wa heshima. Sikukubali. Nilikaa nyuma kabisa, na mioyo ilipoanza kupanda niliuma kofia yangu ili sauti isitoke.

Lakini sasa nimelijua kosa langu. Si hadithi. Si Mathenge. Si gunia. Kosa ni kwamba sikuwaonya watu mapema. Nitaitengeneza upya, ndefu zaidi, na nitaionyesha kwenye zizi la mama. Ng'ombe atalala nje. Mama nitamwambia benchi zikishaingia.

Tangazo nimeshaliandika kwa makaa kwenye ubao, nimeliweka kando ya njia: SINEMA YA KUTISHA. KUCHEKA NI MARUFUKU. Cucu Wakonyo amepita sasa hivi. Amelisoma polepole, akashika mbavu, akakaa chini pale pale njiani akicheka, mpaka wachuma chai wakaja kumwinua.

Nimeongeza neno moja: KABISA.